Shajara ya Namba 17

Siku ya 1

Nimekabidhiwa sampuli 12 za kinyesi cha watoto wachanga wanaonyonya, zimehifadhiwa kwenye gliseroli kwa digrii 80 chini ya sifuri. Kila kichupa kina namba tu. Wazazi wametia saini ridhaa, kamati ya maadili imepitisha, na majina ya watoto hayatafika kwenye meza yangu. Nimegawa kila sampuli mara mbili: nusu ya kufanyia kazi, nusu irudi kwenye friji isiguswe. Profesa amelisisitiza hilo mara mbili, nami nikaona anazidisha.

Kazi yenyewe ni kutafuta humo bakteria wa asidi ya laktiki, kuwatenga mmoja mmoja, kisha kuwauliza maswali matatu. Wanavuka tumbo wakiwa hai? Wakifika utumboni wanashika, au ni wapita njia? Na lile ambalo watu wengi huliacha mpaka mwisho: ni salama?

Juu ya meza nimebandika maana ya probiotiki waliyoafikiana wataalamu wa FAO na WHO mwaka 2001 mjini Córdoba, Argentina: vijiumbe hai ambavyo, vikitolewa kwa kiasi cha kutosha, humletea afya anayevipokea. Kila neno hapo lina deni lake. Hai, nani kahesabu? Cha kutosha kwa jambo gani? Humletea nani?

"Bakteria wazuri" sitawaandika humu. Escherichia coli ni aina moja, lakini nasaba yake iitwayo Nissle 1917 hutumika kama dawa ya matumbo, na nasaba nyingine, O157:H7, huharibu figo za watoto. Jina la aina halitoshi. Tunachotafuta ni nasaba, yaani ukoo mmoja mahususi wenye namba yake.

Siku ya 2

Siku ndefu. Agari ya MRS, jeli ya lishe ya kukuzia bakteria hawa, nimeimimina asubuhi (fomula yake ni ya mwaka 1960 na bado hatujapata inayoishinda kwa kazi hii). Kila sampuli nimeizimua mara elfu, mara elfu kumi na mara laki moja, nikapaka sahani moja kwa kila kiwango. Jumla sahani 36. Sampuli 1 hadi 5 zilikwenda vizuri kabla ya mchana.

Halafu mzigo wa nasaba ya rejea, ya kulinganishia, ukafika, nikaona niuamshe papo hapo. Ni Lacticaseibacillus rhamnosus GG, kwa kifupi LGG, nasaba iliyochunguzwa kuliko karibu zote. Herufi za G ni za Gorbach na Goldin, walioitenga miaka ya 1980 kutoka kwa mtu mwenye afya. Inakuja imekaushwa, unga mkavu ndani ya kichupa cha kioo kilichofungwa bila hewa. Nimekivunja shingo, kikatoa mlio mdogo kama pumzi, nikaloanisha unga kwa mchuzi wa MRS. Kisha nikaendelea na sampuli namba 6, ambayo sahani zake zilikuwa zimekaa wazi zikikauka kwenye kabati la hewa safi.

Sahani zote zimeingia kwenye mitungi isiyo na oksijeni, digrii 37, saa 48.

Siku ya 4

Chumba kizima kinanuka maziwa yaliyochacha. Harufu hiyo huniambia kwamba kazi inakwenda.

Koloni, yaani vishada vya bakteria vinavyoonekana kwa macho, ni nyingi: ndogo nyeupe kama vichwa vya pini, nyingine bapa zenye kingo zilizopasuka. Sampuli 6 ina koloni kubwa za rangi ya krimu, zinang'aa, mbili tatu kwenye kila sahani. Nzuri mno. Nimechagua 64 kwa jumla na kupiga picha sahani zote, kwa desturi tu.

Wenye nyumba hasa kwenye utumbo wa mtoto anayenyonya ni Bifidobacterium, ambao Henry Tissier aliwaona kwenye Institut Pasteur mwishoni mwa karne ya 19. Hao hawavumilii oksijeni, na vifaa vyetu haviwatoshi. Mradi huu unawatafuta wapangaji wao.

Siku ya 5

Rangi ya Gram, hadubini, tone la haidrojeni peroksaidi. Wanaotoa povu nawaondoa, kwa kuwa bakteria ninaowataka hawana kimeng'enya cha kuivunja peroksaidi. Walio duara nawaweka kando pia; wengi watakuwa Enterococcus, na hao wana kesi zao hospitalini. Kati ya 64 wamebaki 41.

Siku ya 12

Wiki nzima ya kuchora mistari kwenye agari: chukua koloni moja, chora, subiri siku mbili, chukua moja tena. Mara tatu kwa kila mmoja. Hakuna cha kusimulia isipokuwa kidole gumba kinauma.

Wamebaki 23 wanaotofautiana kwa umbo na kwa sukari wanazozila. Nimewapa namba na kuwalaza kwenye gliseroli. Namba 17 ametoka kwenye zile koloni za krimu za sampuli 6.

Majina bado. Tangu mwaka 2020 jenasi ya zamani Lactobacillus imegawanywa ikawa jenasi 25, hivyo nusu ya makala ninazosoma zinatumia jina moja na nusu jingine. Fundi wetu mkuu, ambaye ameosha vyombo vya maabara hii tangu sijaanza shule, anasema: "Binti, bakteria hajui umemwandika nani kwenye kifuniko." Nikacheka.

Siku ya 15

Jaribio la asidi limeharibika. Nimewaweka wote 23 kwenye kimiminika cha tumbo chenye pepsini kwa saa mbili na hakufa hata mmoja wa maana. Furaha ya dakika kumi. Kisha nikapima tena pH kwa kifaa cha chumba cha pili: 3.9, wakati changu kilisoma 3.0. Sikukirekebisha asubuhi. Siku imepotea, na pepsini nayo.

Siku ya 17

Nimerudia, pH 3.0 kweli safari hii, saa mbili, digrii 37, kwa kufuata itifaki ya INFOGEST, ambayo maabara nyingi hutumia ili matokeo yalinganishwe. Tumbo halisi lenye njaa hushuka hadi 1.5 au 2. pH 3 ni wastani wa tumbo lenye chakula.

Hesabu zetu huenda kwa logi. Kupoteza logi 1 maana yake kati ya kumi amebaki mmoja. Logi 3, kati ya elfu moja amebaki mmoja. Namba 4 na namba 9 wamepoteza karibu logi 2. Namba 13 logi 1. Saba wamefutika kabisa.

Namba 17 hakupoteza hata nusu ya logi. Amesimama bega kwa bega na LGG, tofauti yao haizidi makosa ya kawaida ya kuhesabu. Nimehesabu sahani zake mara mbili, nikamwita mwenzangu naye ahesabu.

Siku ya 20

Nyongo, asilimia 0.3, saa nne. Nyongo ni sabuni: kazi yake ni kuvunjavunja mafuta, na utando wa bakteria nao ni mafuta. Namba 17 amepita. LGG amepita. Namba 9 amepita pia, nilikuwa nimemkatia tamaa. Wengine sina la kusema.

Siku ya 28

Leo mikono ilikuwa inatetemeka kidogo.

Tumepima nani anashika ute. Unapaka ute kwenye vishimo vya sahani ya plastiki, unamwaga bakteria, unasubiri, unaosha, unahesabu waliobaki. Bakteria asiyeshika si lazima awe bure, wapo wanaofanya kazi yao wakiwa njiani, ila anayeshika anapata muda zaidi. Wengi wetu, yaani wa kwangu, wameondoka na maji. Namba 17 amebaki kama gundi.

Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba LGG hushika ute kwa vinyweleo vya protini vinavyochomoza kwenye ngozi yake, na jeni za vinyweleo hivyo huitwa spaCBA. Nasaba nyingi za aina ileile hazina. Kwa hiyo jioni nikafanya PCR, kipimo cha kutafuta kipande cha vinasaba kwa kukinakili mara nyingi, ya jeni ya spaC kwa wote waliobaki. Mstari mmoja ukawaka kwenye jeli, mbali na ule wa LGG: namba 17.

Nasaba mpya, kutoka kwa mtoto, yenye vinyweleo, isiyoogopa asidi. Nimemwandikia Profesa usiku huohuo. Akajibu kwa mstari mmoja: "Vizuri. Jenomu kwanza." Nikajisemea kwamba huyu hajui kufurahi. Nimeanza kuandika muhtasari wa kupeleka kwenye mkutano.

Siku ya 34

Tumetuma vinasaba vya watano kusomwa jenomu, yaani mfuatano wote wa herufi za vinasaba vyao: 4, 9, 13, 17 na 22. Tukisubiri, kumekuja mgeni anayeshughulika na kutengeneza vidonge, kasikia habari za namba 17. Swali lake lilikuwa moja: kwenye boksi tutaandika nini? Akapendekeza "huimarisha kinga na kutuliza tumbo". Nikamuuliza kinga ya nani, dhidi ya nini. Akatabasamu kwa upole wa mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

Basi jioni nimekaa kuandika kile ambacho ningemwambia kama angekuwa na saa moja.

Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya jaribio la vijijini huko Odisha, India. Watoto wachanga 4,556, nusu wakapewa nasaba moja ya Lactiplantibacillus plantarum pamoja na sukari ya kuilisha, kwa siku saba, nusu wakapewa dawa bandia. Waliopata sepsisi (mwili kuzidiwa na maambukizi) au kufariki katika siku 60 walikuwa asilimia 5.4 upande wa bakteria na asilimia 9 upande wa pili. Ni matokeo makubwa kwa kitu kidogo hivyo. Mtu akisoma hiyo tu, atataka kila mtoto duniani apewe chochote kilichoandikwa probiotiki.

Mwaka uliofuata yakatoka majaribio mawili kwa pamoja. Moja Marekani, watoto 971 wenye kuhara na kutapika, wakapewa LGG huyuhuyu, chembe bilioni 10 mara mbili kwa siku kwa siku tano. Waliopata ugonjwa wa wastani hadi mkali baada ya hapo: asilimia 11.8 kwa LGG, asilimia 12.6 kwa dawa bandia. Hakuna tofauti. La pili Kanada, watoto 886, nasaba nyingine mbili, jibu lilelile. Na hapa hatuzungumzii nasaba dhaifu ya mtaani. Ni LGG, mfalme mwenyewe, mwenye vinyweleo na cheti cha kuvuka tumbo.

Na lipo jaribio la Uholanzi, lililochapishwa mwaka 2008, ambalo kila anayeingia kwenye fani hii angepaswa kulisoma kabla hajashika pipeti. Wagonjwa wenye uvimbe mkali wa kongosho walipewa mchanganyiko wa nasaba sita kwa mrija hadi utumboni, kwa nia njema ya kuzuia maambukizi. Waliokufa ni 24 kati ya 152. Upande wa dawa bandia, 9 kati ya 144. Wale tisa waliooza utumbo kwa kukosa damu wote walikuwa upande wa bakteria. Nasaba zilizotumika hazikuwa na rekodi ya kuua mtu.

Kwa hiyo jibu la boksi ni: nasaba gani, kwa mgonjwa gani, kiasi gani, dhidi ya nini. Maneno hayo hayaenei kwenye boksi, nalijua hilo.

Nimepiga na hesabu moja ya kujifurahisha. Makadirio ya mwaka 2016 yanampa mtu wa kilo 70 bakteria kama trilioni 38, karibu wote wako utumbo mpana. Kidonge cha bilioni 10, hata kama wangefika wote hai, ni mgeni mmoja kwa kila wenyeji 3,800. Nani anamtikisa nani?

Siku ya 41

Vipimo vya usalama. Kwenye agari ya damu hakuna aliyeyeyusha chembe nyekundu. Kwa antibiotiki, namba 4, 9, 13 na 17 hawajali vankomaisini, jambo lisilonishtua: ukuta wa seli zao umejengwa kwa namna ambayo dawa hiyo haina pa kushika, na tabia hiyo hawawezi kuirusha kwa jirani.

Namba 22 ni hadithi nyingine. Tetrasaiklini haimgusi, na PCR imeonyesha jeni ya tet(M), ambayo mara nyingi hukaa kwenye kipande cha vinasaba kinachohama kutoka bakteria hadi bakteria. Kumpeleka huyo kwenye utumbo wa mtu ni sawa na kumgawia adui silaha. Ametolewa. Alikuwa anapendeza, lakini basi.

Siku ya 53

Jenomu zimefika saa nne asubuhi.

Namba 4 ni Limosilactobacillus fermentum. Namba 9 ni Limosilactobacillus reuteri. Namba 13 ni Lactiplantibacillus plantarum. Namba 22 tulishamzika.

Namba 17 ni Lacticaseibacillus rhamnosus, herufi takribani milioni 3. Nimemlinganisha na jenomu ya LGG iliyoko kwenye hazina ya umma ili nione wanatofautiana wapi. Wanatofautiana kwa herufi mbili.

Nimefunga kompyuta, nikaenda kunywa maji, nikarudi nikafungua tena. Herufi mbili. Ndugu wa kweli wa aina hii hutofautiana kwa maelfu. Huyu hana undugu na LGG. Huyu ni LGG.

Siku ya 54

Sikulala. Usiku nilikuwa na utetezi mmoja: LGG hutolewa kwa watoto wachanga kama matone, na huwekwa kwenye baadhi ya maziwa ya kopo. Huenda mtoto wa sampuli 6 alipewa. Akiwa alipewa, basi namba 17 ametoka kwa mtoto kweli, ingawa si mpya. Aibu ingepungua nusu.

Nimetafuta fomu ya maswali ya wazazi. Kuna swali la antibiotiki, kuna swali la kunyonya, kuna uzito. Swali la matone ya probiotiki halipo. Utafiti wa probiotiki, na hakuna aliyekumbuka kuuliza kama mtoto anapewa probiotiki. Fomu hiyo niliipitia mimi.

Fundi mkuu amenikuta nimejiinamia. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akafuta meza ambayo ilikuwa safi tayari, akasema tu, "Kikulacho..." akaondoka.

Siku ya 55

Nimerudi kwenye shajara hii kuanzia mwanzo, na kwenye picha za siku ya 4.

Sahani tatu za sampuli 6 ziko pamoja kwenye kioo cha kompyuta. Zile koloni ndogo nyeupe zinafanya kama inavyotakiwa: nyingi mno kwenye sahani ya mara elfu, chache kwenye ya elfu kumi, mbili kwenye ya laki moja. Kila unapozimua mara kumi, zinapungua karibu mara kumi. Koloni kubwa za krimu ni tatu kwenye sahani ya kwanza, mbili kwenye ya pili, tatu kwenye ya tatu.

Kitu kilichotoka ndani ya sampuli hupungua sampuli inapozimuliwa. Kisichopungua kimetoka nje. Hili nawafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Na niliandika kwa mkono wangu, siku ya 4, "mbili tatu kwenye kila sahani", nikaongeza "nzuri mno".

Kisha nikasoma siku ya 2. Kichupa kilichovunjwa shingo, mlio kama pumzi, unga mkavu, sahani zilizo wazi. Hewa inapoingia ghafla kwenye kichupa cha namna hiyo, unga huruka, na vumbi lake halionekani kwa macho. Ndiyo maana maelekezo husema uzungushie shingo pamba yenye spiriti kabla ya kuvunja. Nilikuwa na haraka, na pamba ilikuwa upande wa pili wa chumba.

Siku ya 58

Dhana siyo jibu. Nimemwomba Profesa ruhusa ya kuigusa ile nusu ya akiba ya sampuli 6. Hakusema "nilikwambia". Kanitolea ufunguo.

Nimefanya mambo matatu kwenye chumba kingine, kwa pipeti zisizowahi kuonana na LGG. Kwanza, nimepaka upya sahani tisa: koloni ndogo nyeupe zipo, ya krimu hakuna hata moja. Pili, nimetoa vinasaba moja kwa moja kutoka kwenye sampuli na kuvipima kwa PCR yenye vianzio (vipande vifupi vya vinasaba) vinavyomtambua LGG peke yake: kimya. Tatu, nimechukua sehemu ya sampuli hiyohiyo, nikaichanganya kwa makusudi na LGG kidogo, nikapima tena: mstari umewaka. Kwa hiyo kipimo kinaona pale ambapo kuna cha kuona.

Mtoto hahusiki. Namba 17 alizaliwa kwenye kabati langu la hewa safi, mchana wa siku ya 2.

Siku ya 59

Muhtasari wa mkutano nimeuondoa. Barua ya sentensi nne, nimeiandika kwa saa moja na nusu. Mgeni wa vidonge naye kaarifiwa. Kauliza kama herufi mbili hazitoshi kuiita nasaba mpya. Sikujibu siku hiyohiyo kwa sababu jibu la kwanza lililonijia halikuwa la kiofisi.

Profesa kaketi nami tukapitia wengine wote. Koloni zile za krimu zilizaa namba moja tu: 17. Imefutwa kwa wino mwekundu, tarehe na saini mbili. Tumepima waliobaki kwa vianzio vya LGG, safi. Swali la matone limeingizwa kwenye fomu, na ombi la marekebisho limekwenda kwa kamati.

Jambo moja linanisumbua kuliko vumbi. Kila dalili niliyoipata iliniambia huyu ni LGG: asidi sawasawa na LGG, nyongo sawasawa, ute sawasawa, jeni ya vinyweleo ileile. Niliisoma kila moja kama sifa.

Siku ya 66

Tumerudi kwa namba 9. Si nyota. Anakua polepole, anatoa gesi inayopasua agari ikiwa nene, na kwenye asidi alipoteza logi 2. Lakini L. reuteri ni mkaaji wa kweli wa utumbo wa binadamu, na ni miongoni mwa waliopita nyongo. Ukiacha vankomaisini, vipimo vya antibiotiki vyote viko chini ya mipaka.

Nimemrudishia mtihani wa asidi, mara hii ndani ya maziwa yasiyo na mafuta badala ya maji ya chumvi. Amepoteza logi 0.8. Protini za maziwa hunywa asidi kabla haijamfikia, kwa hiyo kipimo cha siku ya 17 kilikuwa kigumu kuliko maisha atakayoyaishi. Nimejikuta nataka kuandika kwa furaha. Nimerudia mara tatu kwanza: 0.8, 1.1, 0.9.

Siku ya 73

Kukausha. Bakteria aliye hai leo kwenye mchuzi hana maana kama atakuwa maiti baada ya miezi sita ya kukaa kwenye kabati. Tumemgandisha namba 9 na kumvuta maji kwenye ombwe, nusu ndani ya maji matupu, nusu ndani ya maziwa yenye sukari ya trehalosi. Wa maji matupu, kati ya elfu amebaki chini ya mmoja. Wa maziwa na trehalosi, kama nusu wamesalimika.

Wale nusu nimewagawa kwenye vichupa 30 vya kufunguliwa mmoja mmoja kwa miezi kumi na miwili, vingine kwenye digrii 4, vingine digrii 25. Idadi inayoandikwa kwenye bidhaa za namna hii mara nyingi ni ya siku ya kutengenezwa. Nataka kujua ya siku ya mwisho.

Siku ya 80

Seli za Caco-2 zimefikisha siku 21 kwenye vichujio. Zimetoka kwenye saratani ya utumbo mpana wa binadamu, lakini zikiachwa wiki tatu hujipanga zikashikana kama ukuta wa utumbo mwembamba, na ukuta huo unapimwa kwa ukinzani wa umeme: ukivuja, ukinzani unashuka. Kesho tunauchokoza kwa kichochezi cha uvimbe, vichujio vingine vikiwa na namba 9, vingine na LGG, vingine havina kitu. Mwenzangu ndiye atakayeweka alama kwenye vichujio, na mimi nitasoma kipimo bila kujua kipi ni cha nani.

Siku ya 81

Tumefungua kichupa kipya cha LGG. Chumba cha pili, peke yake, baada ya kazi nyingine zote kwisha, shingo imezungushiwa pamba yenye spiriti. Fundi mkuu alisimama mlangoni mikono nyuma, akaangalia mpaka mwisho, akaondoka bila neno.

Kwenye kila kabati sasa tunaacha sahani moja ya MRS wazi muda wote wa kazi, haipakwi kitu. Saba za wiki hii nimezitoa leo kwenye inkubeta. Sita tupu. Ya saba ina koloni moja ya ukungu wa kijani, ukingoni, upana wa milimita 4. Nimeipiga picha, nimeandika kabati namba 2, saa tano na robo, na aliyekuwa kwenye zamu: mimi.